Niva ya Bibi Stamena

Sheria mpya ilipotangazwa kwamba mlevi akikamatwa kwenye usukani gari lake linachukuliwa na serikali, watu wa Asenovgrad walishika vichwa. Rangel Mutafov alishika mkoba. Hakuwahi kusomea sheria hata siku moja, ila alikuwa na suti, miwani isiyo na kazi, na sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa ahsante. Sikukuu ya kupogoa mizabibu ilikuwa inakaribia, siku ambayo mji mzima hunywa tangu asubuhi bila haya, naye alishajua mlango wa kubisha.

Bibi Stamena alikuwa mjane mwenye mkwe mlevi. Marehemu mumewe alimwachia Niva ya kijani, gari pekee lililoweza kupanda mpaka kwenye shamba lao la mizabibu mlimani. Bila Niva, shamba lingekuwa pori.

"Mkweo akipimwa pombe akavuka moja nukta mbili," alisema Rangel kwa huzuni ya kikazi, "hilo si kosa la faini tena, Bibi. Ni jela, leseni, na Niva kwaheri."

"Yesu wangu! Na akikataa kupuliza?"

"Kukataa ni kujimaliza. Leseni inakwenda vilevile. Tuandike gari kwa jina langu. Karatasi tu! Sikukuu ikipita nakurudishia."

Alivyokuwa mpole, yule bibi! Asubuhi ya sikukuu alitia sahihi mbele ya wakili bila hata kuisoma hati. Rangel alikuwa na mnunuzi, mwindaji wa mji wa Plovdiv, anayeisubiri Niva saa nane. Dhamiri ilimkereketa kidogo, akakohoa ikatoka.

Waliporudi kuichukua Niva uani, Bibi Stamena alisimama na chupa ya rakia, pombe kali ya zabibu, pamoja na majirani wawili.

"Aliyepata gari hunywea magurudumu, glasi moja kila gurudumu," alisema.

"Nina haraka, Bibi."

"Mnamsikia huyu?" jirani mmoja akadakia. "Kapata gari, mkono wa birika! Umeliiba, au nini?"

Rangel hakutaka maswali ya namna hiyo. Akanywea gurudumu la kwanza, wakamshangilia. La pili likateleza lenyewe. Kwenye la nne alikuwa anaimba.

"Na la akiba?" aliuliza Bibi Stamena.

"La akiba nalo ni gurudumu kisheria," alikubali Rangel, akameza.

Hakwenda hata mita mia. Kwenye kona ya kanisa alisimamishwa na Sajini Valko, ambaye kwa miaka kumi na moja alikula supu ya Bibi Stamena katika kantini ya polisi wa barabarani. Rangel hakuwahi kuuliza bibi alifanya kazi wapi. Akapuliza. Moja nukta nne.

"Gari la nani?" aliuliza Sajini.

Rangel alilewa, lakini ujanja wake ulikuwa bado mkavu. Serikali ikishaichukua Niva hairudi, ila Bibi angeweza kudanganywa tena kesho.

"Si langu, afande! La Bibi Stamena. Nimeazima tu."

"Na hati hii iliyo mfukoni mwako?"

"Danganya toto! Sikutoa hata senti. Gari ni lake, lake kabisa."

"Andika hivyo."

Akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri, na majirani, waliokuwa wamefuata kwa miguu, wakatia sahihi kama mashahidi.

"Safi," alisema Sajini, akiikunja karatasi. "Kwa hiyo Niva haiguswi. Na aliyelewa kwenye gari la mwenzake hulipa thamani yake yote kwa serikali, juu ya kesi yake. Kifungu hicho Bibi anasema hukumsomea."

Rangel akanyoosha mkono kuinyakua karatasi, lakini ilikuwa imeshaingia mfukoni mwa Sajini. Alitaka kulia.

Gari la doria lilikuwa upande mwingine wa mji. Bibi Stamena akaja akijifuta mikono kwenye aproni, akapokea ufunguo, akapanda.

"Nitawapeleka kituoni mimi," alisema. "Sijaonja hata tone."

Wakamweka Rangel kiti cha nyuma. Bibi akamtazama kwenye kioo kwa upendo wa mama mkwe.

"Funga mkanda, mwanangu. Bila mkanda ni kosa jingine."

Rangel akafunga.