Nilivyofukuzwa Nchini Mara Nne

Jumatatu, 4 Mei

Sijawahi kumwambia mtu, na wewe daftari ukinisaliti nitakuchoma: mimi ndiye niliyemkamatisha fundi cherehani.

Sikukusudia! Idara ya Uhamiaji ilitangaza shindano la insha kwa shule zote. Mada: "Raia Mwema ni Jicho la Taifa." Zawadi ya kwanza ni kamusi ya jalada gumu, ile ya kubebwa kwa mikono miwili. Wenzangu huota wachumba, mimi naota kamusi. Mwalimu hutuambia kwamba insha isiyo na mfano hai ni mchuzi usio na chumvi. Nikatia chumvi. Nikaandika kuhusu "fundi fulani, kona ya mtaa wetu, mlango wa bluu, asiyejulikana alikotoka wala aendako." Anajulikana vizuri sana! Anatoka nyumba ya nyuma, anakwenda kona. Lakini sentensi ilikuwa na mizani nzuri.

Leo asubuhi, nikienda shule, gari la Idara limesimama konani. Afisa ameshika karatasi mkononi kama ramani, anatafuta mlango wa bluu. Wino wa zambarau. Wangu! Wamemchukua fundi na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nami nilikuwa wapi? Nyuma ya pipa la taka. Msomi mzima.

Jumanne, 5 Mei

Mpango wa Kwanza: kukiri kishujaa.

Baada ya shule nimekwenda ofisini kwao. Getini kuna mlinzi na daftari moja kubwa, "Walioingia". Kila anayepita anaandika jina na saa, kisha anabonyeza dole gumba. Nimeuliza kwa nini mgeni achukuliwe alama za vidole. Mlinzi akasema fomu za mahabusu zimekwisha tangu Januari, kwa hiyo mwenye pingu na mwenye bahasha wote wanaingia kitabu kimoja, wino hauna ubaguzi.

Mapokezi nimeulizwa shida yangu. Nikasema naomba kuonyeshwa choo. Nikaonyeshwa. Ni kisafi. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 6 Mei

Mke wa fundi amenipa mkate na mayai ya kuchemsha nimpelekee mumewe, maana yeye leo ameshakwenda mara mbili na miguu imevimba. Nimefika mpaka mapokezi nikakumbuka mfuko nimeuacha kwenye ukuta wa nje. Nikatoka, nikaingia tena. Dole gumba mara mbili. Limeshakuwa jeusi kama la mpiga kura sugu.

Fundi amefungiwa chumba kilichokuwa stoo, kati ya viti vilivyovunjika. Aliponiona alipaza sauti: "Msomi wangu!" Akasema majirani wote wametawanyika kama vifaranga walioona mwewe, mimi tu ndiye niliyemkumbuka, na Mungu anizidishie. Nilitamani mayai yale yanigeukie mabomu.

Shida yake ni hii: wanataka cheti cha kuzaliwa. Cheti wanacho wenyewe! Alikileta mwaka jana alipoomba pasipoti, na risiti iko mfukoni. Afisa ameitazama risiti pande zote mbili, akasema inathibitisha kwamba cheti kilifika, haithibitishi kwamba fundi alizaliwa. Fundi akaomba watazame kabatini. Ufunguo wa kabati uko kwa mtu wa likizo.

Jumamosi gari linampeleka mpakani. Ameniuliza mpaka uko upande gani, maana hajawahi kuuona.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango wa Pili: barua rasmi. Kurasa tatu, nukuu saba, "naomba kuwasilisha" mara nne. Nimeipeleka kwa Msemaji wa Idara (dole gumba, mara ya nne). Katibu wake akaniambia malalamiko hutiwa kwenye sanduku la malalamiko. Nikauliza hufunguliwa lini. Akasema ufunguo uko kwa mtu wa likizo. Mtu huyu akirudi, nchi nzima itafunguka.

Kule stoo fundi alikuwa anashona kifungo cha shati la mlinzi. Amesema mikono ikikaa bure inaleta mawazo.

Taarifa ya jioni redioni: Msemaji, kwa sauti nzito kama ya mtu anayesoma wosia, katangaza kwamba msako mtaani kwetu umenasa wahamiaji haramu kumi na saba, na wote kumi na saba wameshavushwa mpaka.

Kumi na saba! Walimchukua mmoja. Na huyo mmoja nimemwacha saa kumi akishona kifungo.

Mke wa fundi amelia mpaka kwetu. Nikamwambia mume wake yuko palepale, nimemwona kwa macho yangu. Akaniuliza, mwanangu, nikuamini wewe au niiamini redio? Mama akamjibu kwamba huyu mtoto hata kuku hajui kumfukuza, uongo atautoa wapi. Nikatazama sakafu.

Ijumaa, 8 Mei

Mpango wa Tatu sikuupanga.

Nimefika getini, mlinzi kaenda kuchota maji. Nikaketi kwenye benchi, daftari la "Walioingia" liko wazi mbele yangu. Nikahesabu, kwa sababu mimi kitu kilichoandikwa siwezi kukiacha. Tangu Jumatatu: fundi mara moja. Mke wake mara tatu. Mimi mara nne. Fundi bomba mara mbili. Mleta magazeti mara nne. Bwana mmoja aliyekosea mlango. Na bibi fulani mara mbili.

Kumi na saba.

Pembeni yangu alikuwa ameketi bibi mwenye kikapu. Akaniuliza nasoma dua gani, mbona midomo inacheza. Nikamweleza kwa sauti ya mbu. Akasema yeye miwani ameisahau, nimsomee majina. Nikamsomea. Nilipofika namba kumi na moja akanishika mkono.

"Hilo jina langu."

Na namba kumi na nne pia, bibi.

"Na hawa ndio wale waliovushwa mpaka?"

Ndiyo, bibi. Hesabu ni ileile.

"Kwa hiyo mimi nimefukuzwa nchini?"

Mara mbili, bibi. Mimi mara nne.

Akasimama. Sikujua kwamba yule ni mama mkwe wa Msemaji, na kwamba siku tatu anakuja kumuuliza kwa nini hapokei simu. Sasa nimejua, na mtaa wa tatu umejua. Akaita jina la utoto la mkwewe, ambalo kwa heshima ya serikali siliandiki hapa. Msemaji akatoka mbio, akainama kumwamkia, shikamoo mama, karibu ndani mama. Bibi akamwambia haingii, yeye ni mhamiaji haramu. Msemaji akasema zile ni takwimu za awali. Bibi akataka kujua kama na yeye, aliyemzaa mkewe, ni wa awali.

Hapo, sijui nilipata wapi kifua, nikasema: samahani Mheshimiwa, ikiwa wote kumi na saba wamevuka, basi yule aliyeko stoo hayupo. Na ikiwa yupo, redio imesema uongo.

Wafanyakazi dirishani wakaacha kutafuna.

Msemaji akanyoosha tai, akatamka kwamba Idara haijawahi kusema uongo. Kwa hiyo stoo haina mtu. Kwa hiyo ifunguliwe.

Fundi akatoka na tepu yake shingoni. Akafika getini, mlinzi akamzuia: hakuna kutoka bila kusaini. Sasa mtu ambaye hayupo atasaini kama nani? Wakaafikiana: kama mgeni. Sababu ya kuja: "Kusalimia." Namba kumi na nane.

Taarifa ya jioni: Idara imebaini kwamba wote kumi na saba wamerejea nchini kwa siri, na uchunguzi unaendelea kujua wamepitia wapi.

Jumamosi, 9 Mei

Fundi kaniita dukani. Kanishonea sketi ya shule, bure. Pindo limenyooka kama mstari wa rula. Nikashindwa kuipokea. Nikaanza: fundi, kuna insha moja...

Akasema anajua. Siku ile ya gari aliiona karatasi mkononi mwa afisa. Mwandiko ule ule wa kibao chake cha "Tunashona na Kurekebisha", wino ule ule wa zambarau, nilimwandikia mimi mwenyewe nikiwa darasa la sita. Nikamuuliza kwa nini hakusema wakati nampelekea mkate. Akasema alikuwa na njaa.

Nikalia vibaya, kwa kamasi. Akanipa kipande cha kitambaa. Akasema msomi akikosea hukosea kwa ufasaha, lakini cheti chake bado kiko kabatini, na wakija tena hana cha kuwaonyesha, kwa hiyo nisimtaje popote. Nikaapa. Kisha akaniomba nimshikie ngazi. Mlango ameupaka rangi ya kijani, ili wakirudi na ile karatasi wasiuone.

Jumatatu, 11 Mei

Matokeo ya shindano! Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Rula, mvulana anayepigia mstari kila kitu mpaka jina lake. Insha yake haina hata mfano mmoja! Kamusi ameibeba kwa mkono mmoja, makusudi, ili nione. Mimi nimepewa kalamu.

Lakini Idara, baada ya mambo ya Ijumaa, imetangaza shindano jipya: "Ukweli ni Nguzo ya Utawala Bora." Zawadi: kamusi, toleo jipya, lenye picha. Rula hana mfano wa ukweli. Mimi ninao. Niliuona kwa macho yangu!

Nimeandika jioni nzima kwa kalamu mpya. Nimehakikisha simtaji mtu. Nimesema tu "fundi fulani, kona ya mtaa wetu, mlango wa kijani, aliyetoka mikononi mwa serikali bila karatasi hata moja." Mizani ya ajabu.

Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga, nikaipeleka mwenyewe. Mlinzi amefungua daftari jipya. Nikaandika jina na saa, nikabonyeza dole gumba. Namba moja.