Supu ya Njegere ya Ruigeplaat

Alhamisi, 23 Oktoba

Meya kaniita ofisini. Huyu mama katoka bara, hajui hata upepo unavuma kutoka wapi, lakini kiti chake cha ofisi kina magurudumu. Kasema kwenye uchaguzi wa Jumatano kisiwa chetu cha Kievitsoog lazima kiwe cha kwanza nchi nzima kutangaza matokeo. Tusipokuwa wa kwanza, uenyekiti wa kituo cha kura anapewa Jikke wa maktaba. Jikke! Mtoto wa juzi!

Uchaguzi uliopita walitutangulia Ruigeplaat, kisiwa jirani. Mwenyekiti wao ni shemeji yangu Gosse, kaka wa mke wangu Tetje. Tangu hapo kila sikukuu ya kuzaliwa, keki haijakatwa, ananiuliza kama tumeshamaliza kuhesabu. Mbele ya wajukuu!

Watu wa mijini hawawezi kuelewa. Usiku wa uchaguzi ramani ya nchi kwenye runinga huanza nyeupe tupu. Halafu kinawaka kisiwa kimoja. Kimoja tu! Amsterdam nyeupe, Rotterdam nyeupe, kusini kote kweupe. Kwa dakika chache Uholanzi nzima ni sisi. Dakika hizo ndizo mshahara wangu. Siziachi. Aje Jikke, aje Meya, aje yeyote.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mazoezi. Karatasi yetu ya kura ni kubwa kama kitambaa cha meza, vyama vimejazana, majina ya wagombea kama siafu. Kuikunjua ndiko kunakokula muda. Kwa hiyo nimewaita wahesabuji wangu nyumbani tujifue kwa vitambaa vya meza vya Tetje. Kunjua, tandaza, weka! Kunjua, tandaza, weka! Tulikuwa moto kweli kweli.

Jikke akauliza itakuwaje kwa watakaokunja vibaya. Nikasema nitasimama mlangoni niwafundishe. Akasema mpiga kura anakunja apendavyo, ndivyo sheria inavyosema. Huyu binti sheria anazinywa na kahawa.

Kisha Tetje akarudi kutoka kanisani. Vitambaa vya lesi vya marehemu mama yake sakafuni, kimoja kina alama ya kiatu. Kiatu changu. Leo nalala kwenye kochi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kochi limenipa akili! Kama siwezi kumharakisha Jikke, namchelewesha Gosse.

Mwenye hati ya kura anaweza kupiga kura popote nchini. Wanafunzi wa vyuo wanaipenda sana michezo hii: wanapanda kivuko, wanapiga kura kisiwani, wanajipiga picha na kondoo, wanarudi mjini. Basi nimetunga tangazo na kulirusha mtandaoni. Njooni mpige kura Ruigeplaat! Supu ya njegere bure, nzito, kijiko kinasimama chenyewe! Mkate mweusi na nyama ya nguruwe juu yake! Chini nimesaini Kamati ya Ukarimu ya Ruigeplaat. Picha ya sufuria nimeipiga hapa hapa jikoni.

Gosse atazama kwenye makaratasi mpaka kiunoni. Nitamwonyesha kilichomtoa kanga manyoya.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tangazo linatembea! Utrecht wanalo. Groningen wanalo. Wanafunzi wanauliza kama kuna supu ya wasiokula nyama. Nimejibu ipo, tele. Ukarimu haunigharimu kitu.

Gosse kapiga simu, kauliza kama nimesikia habari za supu. Nimesema mimi? Supu? Nikatulia kama maji mtungini. Akasema basi itabidi aanze kuloweka njegere. Nimecheka peke yangu stoo mpaka mbavu zikauma.

Tetje alitazama picha kwenye simu muda mrefu. Akasema sufuria ile ya buluu, yenye ukingo uliobanduka rangi, anaifahamu. Nikamwambia sufuria za buluu zote zinafanana. Akasema, “Wobbe, kwani umenioa jana?”

Jumatano, 29 Oktoba

Siku yenyewe. Asubuhi nilifungua banda la mashua ya uokoaji, ndicho kituo chetu. Penseli nyekundu zimechongwa. Wenyeji wakaja mapema, wakakunja vizuri, maana mlangoni nilikuwepo. Kufikia mchana karibu kisiwa kizima kilikuwa kimemaliza. Nikaanza kumhurumia Gosse.

Upepo ulikuwa wa mashariki. Mkali, tangu jana.

Mchana kivuko kikatia nanga kwetu kwanza, kama kawaida. Kikawa hakiondoki. Nahodha akatangaza kuwa upepo umefukuza maji yote, mkondo wa kwenda Ruigeplaat umebaki matope na shakwe, abiria wote washuke hapa. Na mimi niliendesha kivuko hicho hicho mpaka nikastaafu! Mtoto wa shule wa kisiwani anajua upepo wa mashariki unakausha bahari. Lakini nani angefikiria jedwali la maji kupwa na kujaa siku ya uchaguzi? Kosa ni la bahari.

Wakashuka. Wakashuka tena. Wakaendelea kushuka. Walikuwa wengi kuliko sisi wenyeji, kila mmoja na hati yake mkononi, na swali lilikuwa moja tu: supu iko wapi?

Sikukata tamaa. Niliwaambia supu iko kwenye mnara wa taa, mwisho kabisa wa kisiwa. Nilipiga hesabu kwamba watafika, watachoka, watasahau habari za kura. Wakaenda wakiimba. Jikke akaniuliza mnarani kuna supu gani. Nikamwambia ashughulike na penseli.

Walirudi jioni, wote kwa mpigo, wameloa, wana njaa, wamekasirika. Foleni ikatoka bandani, ikapita duka la samaki, ikafika kanisani. Msichana mmoja mrefu wa Utrecht akanijia usoni: “Mzee, wewe ni muongo, na ninapiga kura hapa hapa!” Nikatangaza kwamba saa tatu kamili nafunga mlango. Jikke akasema kwa sauti, Meya akisikia, kwamba aliyeko kwenye foleni saa tatu ana haki yake hata ikifika saa sita. Wakampigia makofi. Yeye, si mimi!

Ndipo akaingia Tetje na sufuria. Ile ya buluu. Alikuwa amepika tangu asubuhi, maana yeye upepo aliutazama. Meya akaangalia sufuria, akaangalia picha kwenye simu yake, akaangalia ukingo uliobanduka. Akaniangalia mimi. Nikaomba bakuli.

Tulikuwa bado tunapigisha kura pale shangwe ilipotoka kwenye runinga ya pembeni. Ramani nyeupe tupu, na doa moja limewaka.

Ruigeplaat.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tulimaliza kuhesabu nchi nzima ikiwa imeshapata rangi. Wanafunzi walikunja karatasi kama mandazi ya pembe tatu. Mmoja alikunja ndege.

Wahesabuji wangu wana kiburi kizuri cha kisiwa, walivaa makoti wakaenda kulala. Gosse hakulala. Alipiga simu alfajiri, akaanza, “Shemeji, wageni wangu umewala peke yako!” Ruigeplaat hakuvuka mtu hata mmoja. Walihesabu kura zao chache, kisha wakakaa wakala njegere zote alizoloweka. Alinicheka hadi jino la mwisho.

Lakini ngoja. Kisiwa chetu siku zote ni buluu, rangi ya chama chetu, kama kaskazini yote ya wavuvi na wafugaji. Leo kwenye ramani kuna bahari ya buluu, na katikati kitone cha kijani kibichi kama Utrecht, rangi ya chama cha mazingira wanachokipenda wanafunzi. Ni sisi! Profesa mmoja kwenye runinga kakieleza kitone hicho kwa fimbo ndefu. Kasema watu wa visiwani wameshaona bahari inavyopanda, hofu imewabadilisha, huu ni mwamko wa kihistoria. Na waliopiga kura kwetu ni zaidi ya mara mbili ya wapiga kura tulio nao. Nchi nzima hakuna wa kutufikia! Tumekuwa wa kwanza. Meya alitaka tuwe wa kwanza, na wa kwanza ni wa kwanza.

Nilimweleza hivyo. Hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa banda, na mbele yangu akamkabidhi Jikke. Iliniuma. Sitasema haikuniuma. Jikke akasema niliwafundisha kukunjua vizuri, nami nikatoka nje kutazama maji. Yalikuwa yamerudi, yamejaa mpaka gatini, kwa kunikomoa.

Nimefika nyumbani, nimelala kidogo, nimeamka mzima. Ufunguo wachukue. Kuhesabu kura ni hadharani, sheria ndivyo inavyosema, na mimi nitakaa kiti cha mbele kabisa nimwelekeze Jikke kila karatasi.

Na Gosse asidhani yameisha. Nimeona tulipokosea. Ni supu! Supu ni nzito, inamtoa mtu roho ya safari. Uchaguzi ujao tangazo litasema keki ya tufaha. Nimeshaipiga picha keki ya Tetje, ikiwa kwenye sahani yake ile yenye ufa.

Jedwali la maji Tetje kanitundikia jikoni, makusudi kabisa, juu ya kiti changu. Nimeligeuza lielekee ukutani. Bahari naijua.