Pilau ya Shimoni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeingia Korogwe asubuhi kutoka Sindeni, mimi na mwiko wangu mrefu. Jumamosi Ikram anaolewa. Ikram ni binti wa dada yangu Zamda, kwa hiyo mimi ndiye mjomba. Mjomba! Si mtu wa kuja kula na kuondoka. Nilishajipangia: sufuria zote tano za pilau chini ya amri yangu, na watu wakiuliza nani kapika, waoneshwe mimi.

Sijamaliza hata kunywa maji, dada kanipa kazi. Vitunguu. Nimenye vitunguu! Kumbe mpishi mkuu kashapatikana, mama mmoja Msambaa wa Mlola, anaitwa Maryamu, anapikia shule ya bweni. Nikamwuliza dada nimekosa nini. Akanijibu kwa neno moja: maharage.

Lo, watu wana kinyongo! Yale maharage ya shughuli ya mwaka jana nilishaeleza kwamba tatizo lilikuwa maji ya kisima. Kwamba yalipikwa jana yake yakalala kwenye ndoo, hiyo ni habari ndogo. Kwamba nusu ya waalikwa walitawanyika kwenye mashamba ya mihogo, huko ni kutia chumvi. Hawakufika nusu.

Nimemsihi sana. Nimetaja jina la marehemu mama. Mwishowe dada kakubali: chakula cha Ijumaa mchana ni changu. Watakuja wazee wetu arobaini kutoka Sindeni. Wakila, wakashiba, wakasifu, basi Jumamosi napewa sufuria moja kati ya tano. Nikiharibu, hata vitunguu sivigusi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 9 Septemba

Maryamu kaja. Mfupi, mnene, mcheshi, na sauti yake inavuka mto Pangani bila daraja. Kifuani kaning'iniza kitu: sindano ndefu ya chuma, juu ina uso kama wa saa. Nikamwuliza kama yeye ni mganga. Akacheka, akasema ni kipima joto cha chakula, alipewa kwenye semina. Kisha bila hodi akakitumbukiza kwenye chai yangu! Sitini na nane, akasema, kunywa mjomba.

Akatukusanya uani akaanza kutufundisha. Chakula cha moto kikae moto, kisishuke chini ya nyuzi sitini. Cha baridi kikae baridi, kisivuke tano. Katikati hapo, anasema, ndipo vijidudu navyo vinapofanya harusi yao. Vinaoana, vinazaa, na kabla ya adhuhuri vishapata wajukuu. Kwa hiyo chakula kisikae hapo katikati zaidi ya muda wa saa mbili. Kina mama wote wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Hata dada!

Nikasema bibi yangu alipima kwa kidole, na aliishi miaka tisini. Maryamu akauliza: na waliokula kwake, waliishi mingapi? Ua mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa bahati mbaya.

Jioni alipokivua akaoge, nimekificha kile kipima joto kwenye pipa la unga. Kwa faida ya wote.

Jumatano, 10 Septemba

Kipima joto kimepatikana. Dada alikwenda kuchota unga wa uji akachota na sindano. Wote wakanigeukia mimi. Mimi! Sisemi walikosea, lakini kumtazama mtu namna ile kabla hata ya kumwuliza si adabu.

Kuna jambo zito zaidi. Ijumaa nataka niswali safu ya mbele na kanzu yangu mpya, nitoke, niwaamkie wazee mmoja mmoja, halafu pilau itokee kama yenyewe. Sitaki kupokea wazee nikiwa nanuka moshi. Basi lazima nipike Alhamisi. Lakini ikae wapi hadi Ijumaa mchana na joto lake? Mapoti yote ya dada, yale ya kutunza joto, yamewekwa kwa ajili ya Jumamosi, na dada kayafungia chumbani tangu aone nimefika.

Nimetoka kutembea ili niwaze. Nyumba ya tatu nikamkuta Mzee Mdoe, yule muuza ndizi, anavundika ndizi zake. Shimo refu, limetandikwa majani ya migomba, pembeni kaweka chungu chenye pumba zinazofuka moshi, juu magunia na udongo. Nikamwamkia, nikaingiza mkono. Jamani! Joto tamu, kama la blanketi alilotoka mtu sasa hivi. Ndizi zinakaa humo siku nne. Zinaingia ngumu na chungu, zinatoka laini na tamu, na sijasikia mtu wa Korogwe aliyezikwa kwa ndizi. Sasa kama shimo linaitendea ndizi wema wote huo, pilau je?

Mzee Mdoe kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba, mwanangu, ndizi inakwenda shimoni kwa sababu haijaiva, na pilau yako nadhani itakuwa imeiva. Nikamwambia ndiyo maana haitachukua siku nne. Akawaza. Nikamwahidi ukoko wote. Akakubali.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepika! Mchele kilo kumi, nyama ya ng'ombe ya kutosha, viungo nimetwanga mwenyewe. Nimepalia makaa juu ya mfuniko mpaka wali ukasimama punje punje. Maryamu kapita, akanusa, akarudi, akaonja. Akasema mjomba, mkono unao. Nakiri moyo uliruka. Halafu akauliza kwa nini napika leo chakula cha watu wa kesho. Nikamwambia ni mazoezi.

Kabla ya magharibi tumeishusha sufuria shimoni, katikati ya mikungu miwili. Majani, gunia, udongo, kimya. Dada kauliza kesho napika saa ngapi. Nimemwambia asiwe na shaka. Huo si uongo, ni siri ya jikoni.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku yangu. Kanzu nyeupe, kofia, safu ya mbele. Nimetoka msikitini, wazee wa Sindeni hao wote kwenye jamvi, arobaini na mmoja. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Dada alikuwa ananitolea macho kutoka jikoni, maana jikoni hapakuwa na hata moshi. Nikampungia mkono kwa utulivu.

Mimi na Mzee Mdoe tukafukua, tukaibeba sufuria hadi uani, na mfuniko nikaufungua mwenyewe mbele ya wote. Harufu ilitoka. Ilikuwa ya pilau, na ya ndizi mbivu, na ya kitu cha tatu ambacho sikukitaja.

Maryamu akasogea. Akachomeka sindano katikati ya wali, akangoja, akamwonesha dada. Thelathini na nane. Akasema hilo ni joto la mtoto mwenye homa. Mtoto akiwa hivi anapelekwa zahanati, hapelekwi kwa wageni. Nikasema basi tuichemshe upya, moto si upo? Akasema imelala katikati usiku kucha, na kuna sumu ambayo vijidudu vikishaiacha kwenye wali haitoki hata uchemshe mpaka kesho. Nikasema joto ni joto! Nikajipakulia sahani ya kilima, nikaila nimesimama mbele ya wazee wote. Nikaongeza ya pili. Mzee mmoja akapiga makofi.

Dada hakupiga. Hakupaza hata sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema Ikram ana siku moja tu ya kuolewa, na hatakubali aolewe huku ukoo mzima umepanga foleni chooni kwa sababu ya kiburi changu. Nikamwona Ikram mlangoni, hina mbichi mikononi, anamtazama mama yake na kunitazama mimi. Niliona aibu. Aibu kweli kweli. Pilau ikarudi shimoni, safari hii kuzikwa, na Mzee Mdoe akatoa ndizi zake zote kwanza.

Wazee wana njaa, jiko ni baridi. Maryamu akajifunga kanga kiunoni, akasema mjomba, twende. Tukawasha moto sehemu mbili. Akasonga yeye, nikakaanga mimi. Dagaa, nyanya, nazi, pilipili. Dakika arobaini. Kanzu yangu sasa ni ya kijivu. Wazee wakala ugali unaounguza vidole, wakashiba, wakasifu! Wakauliza nani kapika mchuzi ule. Maryamu akaninyoshea kidole mimi. Simwelewi kabisa mwanamke huyu.

Wamekula, wameshiba, wamesifu. Nimemkumbusha dada masharti yake. Akasema haya, sufuria moja, na Maryamu asimame nyuma yako. Nimeshinda! Tumbo linanguruma kidogo. Furaha hiyo.

Jumamosi, 13 Septemba

Haikuwa furaha. Naandika nikiwa chooni. Nimo humu tangu alfajiri, natoka, nafika mlango wa jiko, narudi mbio. Sufuria yangu anaipika Mzee Mdoe. Muuza ndizi! Namsikia Maryamu akipita na sindano yake na kutangaza kama mwalimu anayeita majina: ya kwanza themanini na mbili, ya pili sabini na tisa, kachumbari nne, hongera Mzee Mdoe. Hongera!

Saa sita ukaja upande wa bwana harusi, matari na nyimbo. Wakataka kumvisha mjomba kilemba chake, maana bila kilemba cha mjomba bibi harusi hatoki. Nikasikia wanauliza mjomba yuko wapi. Halafu sauti ya Ikram kutoka ndani, anacheka mpaka anakohoa, akawaambia niliko.

Wakaja wote. Washenga, kina mama wenye matari, wazee wa Sindeni, hadi mlangoni pa choo. Kilemba kikapitishwa juu ya mlango wa bati. Nikakivaa. Nikanyosha mkono juu ya mlango kuonesha kwamba nimeridhia. Vigelegele hivyo! Ikram akapaza sauti akauliza mjomba, umependeza? Nikasema sana, mwanangu, toka ukaolewe. Nililia humo ndani peke yangu, na sikujali.

Alasiri Maryamu kanipitishia chini ya mlango kikombe cha maji ya pakiti, yale ya chumvi na sukari ya watu wanaoharisha. Kaniambia waalikwa mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyeshika tumbo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nimelila peke yangu. Huo nao ni ungwana, ingawa hakuna aliyeusifu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepona! Nimekunywa uji. Maryamu kaupima kwanza. Kabla ya kuondoka akavua kile kipima joto, akanivisha mimi shingoni, zawadi kabisa, anacho kingine shuleni. Akasema mkono wangu ni mzuri, kilichobaki ni kichwa kiufuate mkono. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nimejitazama kwenye kioo cha dada. Kinanipendeza.

Dada kaniuliza kama nimejifunza. Nimemwambia sana. Mtu akikaa chooni siku nzima bila kusumbuliwa na mtu anawaza vizuri ajabu, na kosa langu nimeliona waziwazi.

Isihaka, jirani yangu wa Sindeni, kapiga simu mchana huu. Ana akika wiki ijayo, wageni sitini, na kila mpishi aliyemwendea ana udhuru. Nimekubali palepale. Safari hii sina wasiwasi, kwa sababu chombo cha kupimia ninacho na hesabu nimeshaipiga. Shimo moja lilitoa thelathini na nane. Mashimo mawili yatatoa sabini na sita. Nimemwambia Isihaka aanze kuchimba.