Barua ya Mwalimu wa Fizikia

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga hesabu upya. Chuo kinachukua wanafunzi mia moja na ishirini. Mwaka jana waliomba elfu nne. Hiyo ni asilimia tatu, na wote elfu nne wana mdomo. Nimejiongezea kumi kwa alama zangu za fizikia, nikajipunguzia sita kwa sababu ya haya zangu. Nimebaki na saba. Saba si haba!

Picha ya maktaba yao nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Wasichana watatu wamekaa dirishani, wanasoma. Kiti cha nne kitupu. Nakitazama kile kiti tangu kidato cha pili. Leo nimekitazama hadi chakula kikapoa.

Kimebaki kitu kimoja tu: barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu. Mwisho Ijumaa saa kumi. Namtaka mwalimu wa fizikia. Tatizo ni kwamba amenifundisha miaka minne, hadi nilipomaliza shule, na sijawahi kumwambia lolote zaidi ya shikamoo. Na hiyo tuliisema darasa zima kwa pamoja.

Kasuku, niliyekaa naye dawati moja, ana barua tatu. Tatu! Moja kaandikiwa na mwalimu ambaye hakuwahi hata kumfundisha.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kukutana na Mwalimu kama kwa bahati tu. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu tangu saa mbili. Akatoka saa nne, akaniuliza nimefuata nini. Nikajibu nimepoteza sweta.

Mtu mwema yule! Tumelitafuta sweta ambalo halipo, mimi, yeye na mlinzi, madarasa sita na nyuma ya maabara. Mwishowe nikapewa sweta la mtu mwingine. Sikuweza kukataa. Mikono yake inaishia kwenye viwiko vyangu.

Mama akaacha cherehani, akalitazama, akauliza kama hiyo ndiyo barua yenyewe. Akasema mimi hata nikiungua nitaomba maji kwa maandishi.

Amenipa wazo!

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika ombi, ukurasa mmoja, mwandiko wangu bora kabisa. Kumkabidhi mkononi? Hapana. Nimelichomeka katikati ya rundo la madaftari ya kidato cha pili mezani kwake, nikatoka mbio.

Nimefika mlangoni kwetu ndipo nikakumbuka: sikuandika jina langu. Niliona ni kujitangaza.

Jioni Kasuku kapita. Kaniuliza mbona sina raha. Nikasema nina raha tele. Akasema haya, basi chuoni atanishikia kiti. Ana moyo mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi shuleni. Kiranja wa kidato cha pili alikuwa barazani anagawa madaftari, na karatasi moja imekosa mwenyewe. Yangu! Mwalimu kaisahihisha kwa wino mwekundu. Kumi na tatu kwa ishirini. Chini kaandika kwamba ombi ni zuri ila halina mwombaji, na mwombaji aje aombe.

Nilikuwa nageuka niondoke aliponiita kutoka dirishani. Akasema mwandiko ule kausoma miaka minne, anaujua kuliko wa mkewe. Akalikumbuka hata lile jaribio la lenzi nililolirudia mara tatu peke yangu mpaka likatoka. Miaka minne nilidhani hanioni!

Akanifuata barazani. Barua alishaiandika. Lakini hanipi, akasema, mpaka niiombe kwa mdomo wangu. Kengele ikalia, watoto wakatoka. Ikalia tena, wakaingia. Nikainama, nikaviomba viatu vyake.

Akasema viatu vimekubali.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu nimeipeleka chuoni saa nne, saa sita nzima kabla ya muda. Kisha nikazunguka hadi maktaba, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Ndani msichana kalalia kitabu, kasinzia, mdomo wazi. Nimemwonea wivu hata ule usingizi.

Nimesimama pale mpaka pumzi yangu ikafunika kioo chote na sikuona tena kitu.

Jumatano, 19 Machi

Wameniita kwenye usaili! Jumatatu, watu watano, nusu saa. Mama kanikumbatia na sindano zake zote kifuani. Anasema sasa nimejionea mwenyewe: nilifungua mdomo, barua ikatoka. Nimemwambia ni kweli kabisa, nimejifunza sana.

Kwa hiyo nimeandika majibu arobaini, kila moja kwenye kadi yake. Nitaingia na skafu shingoni, nitawaonyesha kwa ishara kwamba sauti imekauka. Wao watauliza, mimi nitanyanyua kadi. Mpango hauna dosari!

Nimeanza kukohoa tangu asubuhi, ili kufikia Jumatatu hata Mama aamini.