Kufa Mara Kumi na Moja Darajani

Jumatatu, 7 Aprili

Likizo. Wazir ameniita kwao nikacheze gemu ya Daraja la Moshi, ile iliyotengenezwa kutokana na filamu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Si kwa ajili ya gemu. Wazir ni kakake Maram.

Niandike ukweli, shajara haina mdomo. Muhula uliopita Maram aliniuliza, mlangoni mwa maabara, kama nililia mwisho wa filamu, mpiga upanga na mwenzake wanapoagana darajani. Swali rahisi. Nikamjibu: saa nne kasorobo. Akatazama saa yake, akanishukuru, akaenda zake. Kwa Kiingereza labda ningejaribu. Kiswahili kinanitoa jasho, maana kila neno lake nalimaanisha. Miezi miwili sasa nalijibu upya swali lile kila nikioga.

Gemu yenyewe: upanga, mashallah! Ukipiga, padi ya kuchezea inatetemeka mkononi kama samaki aliye hai. Unaruka paa hadi paa. Lakini kamera! Adui akitokea tu, inakwenda kujificha nyuma ya nguzo, kama mimi nikimwona Maram. Na sauti ya shujaa si ya yule mwigizaji. Ni ya mtu mwenye mafua.

Wazir alijikata kidole gumba akifungua chaza, hawezi kucheza. Akasema nisijali, yuko mtu ndani atanishikia padi ya pili. Akaipitisha chini ya pazia jepesi la mlango wa ndani.

Mtu ndani! Sikuuliza nani. Huwezi kwenda kwa wenzio ukaanza kuuliza watu wa ndani. Tulikaa chini, runinga mbele, pazia mgongoni. Sikugeuka hata mara moja. Lakini shingo yangu ilijua.

Jumanne, 8 Aprili

Mchezaji wa pili ni hodari kunizidi mara mia. Vidole vyepesi ajabu! Tena ana adabu. Mbele ya kila mlango wa ngome anasimama kidogo, kama anayebisha hodi, ndipo anauvunja. Wazir anacheka. Mimi moyo umeyeyuka. Msichana anayewapigia hodi hata maadui!

Leo nimegundua jambo kubwa. Ukiuawa, mwenzako huja akapiga magoti, akakushika mkono, ukafufuka. Sekunde tatu kamili. Mkono wake na wangu. Halali kabisa, mbele ya kakake!

Filamuni hamna kitu kama hicho. Hapo gemu imeishinda filamu.

Mpango: kesho nife.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekufa mara kumi na moja.

Ya kwanza, mshale. Ya pili nilianguka darajani kwa bahati mbaya kweli, kosa la kamera. Zilizobaki nilizitafuta mwenyewe. Ya tisa nilimwendea adui nikiwa nimeurudisha upanga alani. Kila mara alikuja kunifufua. Mara ya kumi alinizunguka kwanza, akasimama mbali, akafikiri. Haya hizo! Mtoto wa watu!

Wazir akaniambia, we Nabhan, hata punda akianguka shimoni leo, kesho hulipita kando.

Ubaya mwingine wa gemu hii: haihifadhi ulipofika mpaka umalize hatua nzima. Tukishindwa darajani, tunarudishwa sokoni mwanzo kabisa. Wazir anamlaani aliyeitengeneza. Mimi namwombea dua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpango mkubwa. Vikuba, vile vishada vya asumini wanavyovaa wanawake kifuani!

Nilimwambia mama nina kazi ya likizo ya biolojia, inahitaji asumini zilizoshonwa. Akanishonea vikuba viwili vizuri, akauliza ni biolojia gani inayotaka na majani ya mrehani ndani yake. Nikasema ya kidato cha tatu.

Nikampa Wazir. Vya mchezaji wa pili, nikamwambia. Shukrani za kimichezo. Akanitazama sana. Una hakika? Nikasema nina hakika. Akavipitisha chini ya pazia, mabega yakimtetemeka. Kutoka ndani kikasikika kicheko, kidogo tu, cha puani.

Kisha, kwenye skrini, mchezaji wa pili akaniinamia. Kuna kitufe cha kuinama! Siku nne sikukijua. Nami nikainama. Akainama tena. Tuliinamiana hadi maadui wakatuua sote wawili.

Nilirudi nyumbani kwa ndia ndefu, ili nisifike mapema.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumelivuka daraja!

Ni lazima wawili wavute minyororo kwa pamoja. Tulivuta kama watu wa pumzi moja. Nikaweka padi chini, nikangoja kuagana. Filamuni wanaagana dakika saba, mvua inanyesha, hakuna anayesema neno. Mimi nililia, basi. Kwenye gemu? Nyota tatu, jumla ya alama, bonyeza uendelee. Wiki nzima nimengoja kuagana naye, nikapewa nyota!

Ndipo pazia likafunguka.

Bi Batuli. Nyanya yake Wazir. Miwani usoni, padi mkononi, vikuba vyangu kifuani.

Akaniambia, ahsante mwanangu, tangu babu yao atangulie mbele ya haki hakuna aliyeniletea vikuba. “Lakini yeo nikwambie kweli. Mbona wafa sana? Kuku ana akili kukushinda!”

Akaeleza kwamba kwao ni Kipungani, amesuka ukili wa mikeka miaka hamsini, na vidole vikikosa kazi vinauma. Wazir akamuuliza kuhusu ile hodi ya milangoni. Akashangaa kweli. Sasa mtu ataingiaje kwa watu bila hodi?

Na Maram? Yuko Mbwajumali kwa shangazi yake, tangu Jumapili iliyopita. Wiki nzima! Atarudi kesho.

Ilinipasa niseme kitu. Nilifungua mdomo, nikamwambia Bi Batuli ni saa kumi na robo. Akasema anajua, ameshaswali.

Jumatatu, 14 Aprili

Maram amerudi. Sikumwona. Niliona viatu vyake mlangoni, vya buluu, kimoja kimelala ubavu.

Bi Batuli anasema mjukuu wake alishika padi ya pili asubuhi, dakika tano. Akasema filamu ilimliza, lakini gemu hii ni ya watu wasio na kazi. Akaiweka chini, akaenda kusoma.

Mwingine angekata tamaa. Lakini dakika tano! Padi ya pili!

Nikasema padi yangu kitufe kimekwama, nikaomba tubadilishane. Nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto. La Bi Batuli, najua. Lakini chini ya joto lile palikuwa na joto jingine. Sikubonyeza chochote. Nikauawa na mlinzi wa kwanza kabisa, ambaye hata watoto wa chekechea humpita. Bi Batuli akaja kunishika mkono sekunde tatu, akisema astaghfirullah.

Magharibi nilitia udhu kwa huzuni. Vidole niliviacha mwisho.

Lakini filamu ilimliza! Kwa hiyo swali lake bado liko pale pale, lanisubiri. Kesho nitamngoja mlangoni kwao nimwambie: ndiyo, nililia. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara kumi na moja.

Ila nitavaa saa. Huenda ikahitajika.