Chauffe-eau ya Kumushika Mujukuu

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Idrissa, wewe ni mujinga! Nimekuzaa mwenyewe, najua. Muke wako ameniletea mujukuu wa kwanza, na wewe unakubali aende kufanya arobaini kwa mama yake kule Cimpunda! Ati huyo mama yake, Bintu, iko na nguvu ya kubeba maji moto na kumukanda. Na mimi? Sawa, mikono inatetemeka. Sufuria kubwa siinui tena. Lakini arobaini ikiisha kule, mutoto atakuwa amezoea harufu ya Bintu. Mimi atanililia kama ameona askari.

Maisara, mukwe wangu, amesema kwa adabu, ananiita bibi: Tate, maji moto yakitoka kwa bomba hapa, nitabaki. Nimemusikia. Mungu pia amemusikia.

Jumanne, tarehe 7

Duka la chauffe-eau, mashine za kuchemsha maji. Muuzaji anauliza nataka ya litres ngapi. Nikajibu nataka ya kukanda muzazi, basi. Nikazigonga zote kwa kidole kama mutu anachagua nyungu. Akacheka, ati Maman, hii haigongwi. Nikamwambia yeye ndiye hakugongwa vya kutosha kwao. Nimechukua ndogo, yenye tumbo zito.

Télesphore, électricien, fundi wa umeme, ameifunga kwa ukuta wa bafu. Akawasha. Tukangoja. Alasiri ikaingia, ikapita. Maji kama mate! Anasema courant ya umeme ni dhaifu, majirani wote wanaivuta. Nikamutuma aunge waya mbele ya compteur, courant isihesabiwe. Akakataa, ati ni wizi. Nikamukumbusha nani alimubeba mugongoni siku ya tohara yake. Akaunga.

Alhamisi, tarehe 9

Bado vuguvugu. Nikawaza.

Nikapita mulango kwa mulango na uso wa matanga: wakaguzi wa courant wanakuja, nimesikia kwa mutu mukubwa. Maman Virginie akachomoa pasi, nguo za wateja bado na mikunjo. Papa Akonkwa, anayepikia courant ya wizi, akapanda juu ya nyumba na pyjama, akakata waya wake mwenyewe. Ah! Courant yote ikabaki yangu, maji yakachemka mpaka dirisha likatoka jasho! Nikamukanda Maisara. Alilia, nikajua yamefika mufupani. Halafu mutoto akalala kwa mapaja yangu. Kidole changu kimoja kinajaza mukono wake wote.

Bintu akapiga simu, anauliza watakuja lini. Nikamwambia réseau mubaya. Réseau ilikuwa safi kabisa.

Jumamosi, tarehe 11

Akonkwa! Mutu mubaya! Kwa sababu sasa iko musafi, ameenda mwenyewe kuwaita wakaguzi, waje waone yeye ni mutu wa sheria. Wakaja kweli. Parcelle nzima, nyumba zote za hapa, hakuna kosa. Waya wa wizi ulibaki mumoja. Wangu! Wamekata wa wizi, wamekata na wa halali.

Virginie akasimama mulangoni, mikono kiunoni. Anauliza kama yule mutu mukubwa hakunitajia na nyumba yangu. Nikamwambia akapige pasi.

Maisara ameanza kufunga vitu. Sikumuzuia. Nilikunja nguo za mutoto, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumapili, tarehe 12

Bintu amefika kuwachukua. Aliangalia kabegi ka nguo za mutoto. Aliangalia mikono yangu. Akasukuma kabegi kando kwa muguu. Halafu akasema mvua imeharibu teremko la kwao, watateleza na mutoto, heri yeye mwenyewe alale hapa mpaka arobaini iishe. Mvua gani? Viatu vyake vilikuwa vikavu. Akatuma walete mbabula yake, jiko la mukaa, na gunia la makala ya kuwasha.

Basi yeye anabeba sufuria, anakanda. Mimi nashika mutoto. Mutoto anamukojolea nani? Mimi peke yangu! Bintu bado hajapata hata tone.

Ingekuwa vizuri. Lakini amehamisha chumvi yangu! Anatia tangawizi kwa chai mpaka koo linawaka! Anasema mbele ya mwanangu kwamba mimi namukanda muzazi kama unga wa mandazi! Jikoni kwangu, mwanamuke wa Cimpunda! Hapana. Maji ya courant yakirudi, atakuwa na sababu gani ya kubaki?

Papa Akonkwa sasa iko na courant ya halali, yenye nguvu, na dirisha lake la nyuma halifungi. Idrissa, kesho asubuhi, kabla Bintu hajaamka, uende kwa Télesphore. Aje na waya murefu. Na usimwambie mutu!