Diski ya Harusi Ilivyopona Mikononi Mwangu

Jumatatu, 4 Machi
Nina miaka sabini na minane. Nimewazika wake wawili, kanda za video, na daktari aliyenikataza chumvi. Nitashindwaje na kisanduku cha picha?

Mkwe wangu, mpiga picha, diski yake inagonga. Tak, tak, tak. Humo mna harusi nzima ya watu, na bibi harusi anafuata picha Ijumaa. Zikipotea, studio imekwisha. Alitaka kumpelekea Miwani, fundi kompyuta wa jirani. Nikamkumbusha kuwa saa za mtaa mzima nilizitengeneza kwa sikio. Akashusha pumzi, akasema haya baba, leo tu.

Nimeiwasha, nimesikiliza. Nimeizima. Nimeiwasha tena. Inagonga.

Jumanne, 5 Machi
Miwani kaja bila kuitwa. Kaichomeka kwenye kompyuta yake, ikatoka alama nyekundu. Eti imefanya kazi kupita kiasi, ina sehemu mbovu, inakiliwe upesi kisha ipumzishwe.

“Mzee, ukiendelea kuiwasha unaiua.”

Kijana wa juzi tu. Mimi nami nimefanya kazi kupita kiasi, nina sehemu mbovu, mbona hakuna anayeninakili? Nimemnyang'anya. Nimemwambia akafute miwani yake.

Nimeiwasha mpaka mgongo ukakataa.

Jumatano, 6 Machi
Usingizi wa mchana ulinichukua. Kuamka, diski haipo mezani. Mkwe akatokea nayo kwa Miwani, akasema alikwenda kuipangusa vumbi. Vumbi gani la mchana kutwa?

Nikaishika. Ya moto. Homa! Miwani na alama zake hakuiona hiyo. Nimeifunika kitambaa cha maji baridi, kama nilivyowauguza wanangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeiwasha. Haigongi. Haivumi. Kimya kabisa.

Imepona. Nimechoka, lakini imepona.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi harusi kaja. Picha zote zimo, hata ya mjomba wake anayesinzia. Akalia kwa furaha. Mkwe alizitoa kwenye diski nyingine, mpya. Sikuuliza. Yangu nadhani bado anaionea huruma, ndiyo kwanza imetoka kuugua.

Akaniambia, “Baba, sasa pumzika. Tafadhali.”

Nipumzike, na mtaa unaumwa? Nimeshatangaza. Mwalimu wa nyumba ya pili kaniletea diski yake, ina mitihani ya shule nzima. Nimeigusa tu nikajua: homa. Nimeshaloweka kitambaa.

Asiyeamini amuulize bibi harusi. Au mkwe wangu, akimaliza kucheka. Miwani msimuulize, ana wivu.